Baridi ya Kiasi: Chanjo ya Homa ya Ini na Mtoto wa Kisondela

Siku mliyoniaga pale ofisini Tukuyu, mkanivisha kitenge na kunilisha keki kama bibi harusi, mmoja wenu aliniuliza swali nikiwa bado natafuna. "Mama, hivi ile chanjo ya homa ya ini B inakaa mwilini miaka mingapi?" Nilimwitikia kwa kichwa tu, maana keki ilikuwa kavu. Sasa nimestaafu, nina muda na nina chai, kwa hiyo namjibu. Jibu la semina ni la dakika moja na mtalipata humu ndani. Jibu langu mimi lilinichukua miaka ishirini na ushee, na lilipitia kwa mama mmoja ambaye hakutaka hata kuniona.

Nilianza kazi katika zahanati moja upande wa Kisondela. Jina lake nalikalia, kwa sababu kosa nitakalolisimulia halikuwa la zahanati, lilikuwa la watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Nilifika na sanduku la bati, sare mbili na vyeti vyangu kwenye bahasha. Mganga mfawidhi hakuviangalia. Alikuwa Mzee Asegelile, muuguzi wa zamani mwenye sweta la kahawia lililofumwa na mkewe, sweta ambalo nadhani alizaliwa nalo. Akanipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma, akaweka kiganja juu ya friji la mafuta ya taa na kusema, "Ugonile." Alikuwa analisalimu kwa Kinyakyusa, kama mtu anavyomuuliza jirani ameamkaje. Kisha akanigeukia. "Nalisalimu kila asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote. Siku litakaponijibu nitaacha kazi."

Ninyi mmekuta majokofu ya sola yanayojiongoza yenyewe, na vidude vinavyowaka taa nyekundu baridi ikizidi. Sisi tulikuwa na utambi. Mzee Asegelile alinifundisha kuukata sawasawa kwa mkasi, kusafisha bomba la moshi kwa kitambaa, kulala chali sakafuni kuangalia moto. Moto wa bluu, sawa. Moto wa njano una masizi, na masizi maana yake chanjo zinapata joto. Alinifundisha kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika, hata Krismasi, hata siku ya msiba wake mwenyewe. Mama yake alipofariki kule Nkunga, alinipigia simu ya kijiji kuniuliza jambo moja tu: jioni kilisoma ngapi?

Nilijifunza kila kitu kwake, na nasema hivyo kwa majivuno. Lakini mwalimu mzuri anakufundisha pamoja na hofu zake, na hofu ya Mzee Asegelile ilikuwa joto. Kizazi chake kililelewa hivyo. Semina zote zilihubiri joto, mabango yote yalichora jua. Habari ya chanjo kuganda ilitajwa mwishoni mwishoni, watu wakiwa tayari wanawaza chai. Mzee alikuwa na msemo wake, "Baridi haijawahi kuua chanjo." Kwa zile alizoanza nazo kazi, surua na matone ya polio, alikuwa karibu na ukweli.

Kisha ikaja chanjo mpya ya watoto, ile ya zamani ya dondakoo, kifaduro na pepopunda iliyoongezewa kinga ya homa ya ini B. Tuliifurahia. Wengi wetu tulikuwa tumewazika watu wazima wenye matumbo yaliyojaa maji na macho ya njano, watu ambao majirani walisema wamerogwa. Nilikwenda semina mimi, Mzee akabaki na wagonjwa. Mwezeshaji alitwambia jambo moja nikaliandika kwa herufi kubwa: hii ikiganda imekufa, na ikiyeyuka huwezi kuijua kwa kuitazama. Inataka baridi ya kiasi. Akatuonyesha jinsi ya kuipima kwa kutikisa. Niliporudi nilimweleza Mzee yote. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mkwe.

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Rungwe mwezi wa saba anajua hali yake, ukungu haupandi mpaka saa nne na maji ya kunawa yanauma vidole. Gari la chanjo lilitufikia Ijumaa jioni, likiwa limekwama njiani nusu siku. Mzee akaingiwa na wasiwasi kwamba dawa zimepata joto. Kwa mapenzi kabisa, akapandisha utambi, maana kwa friji lile moto ukizidi ndipo baridi inazidi, na kuvipanga vichupa vyote vikigusa ukuta wa barafu, ili vipoe vizuri. Siku mbili usiku na mchana moto ulikuwa juu, na nje kwenyewe kulikuwa friji. Zamu ya Jumamosi na Jumapili ilikuwa yake, na kila kipimajoto kiliposhuka yeye alizidi kutulia.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Nilifungua friji, kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri. Kichupa kimoja cha nyuma kilikuwa jiwe. Vingine vilikuwa maji, vizuri tu, vinapendeza.

"Viko salama," alisema Mzee. "Si unaona ni maji?"

"Naomba nivitikise, Mzee."

Nilikishika kile kilichoganda mkononi mpaka kikayeyuka. Nikachukua kimoja cha mbele, nikavitikisa vyote pamoja, nikavilaza mezani, tukakaa kuvitazama. Nje kina mama walikuwa wameanza kuimba, kama walivyozoea kabla ya mizani kufunguliwa. Chanjo nzima hubaki kama maziwa yaliyochanganywa na maji, haina haraka ya kutulia. Iliyoganda inashusha chenga chini, juu yanabaki maji maangavu. Dakika hazikuwa nyingi. Vyote viwili vilishusha chenga. Nikachukua cha tatu, cha nne, cha kona ya mwisho. Chenga.

Mzee Asegelile alivua miwani. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu namna ile. Sitaficha, nilitamani kusema basi, tuchanje tu, nani atajua? Kadi ingejazwa tarehe ileile. Mtoto angelia vilevile. Kichupa kilichokufa hakina harufu na mtoto aliyechanjwa maji hana alama. Hilo ndilo linalotisha katika kazi yetu, wanangu, na ndiyo sababu nawaandikia.

"Hatuchanji," nilisema.

Alirudisha miwani usoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sawa. Lakini usiwaambie nimeziharibu. Waambie zimekwisha." Nilimpenda yule mzee. Nikatoka nje nikawaambia kina mama kwamba chanjo ya sindano imekwisha, warudi wiki ijayo.

Wengi waliguna wakafunga watoto mgongoni. Mmoja hakuondoka. Alikuwa Mama Bupe, mkulima wa ndizi kutoka kijiji cha juu kabisa, ametelemka tangu alfajiri kwenye manyunyu, jani la mgomba limemfunika mtoto. Bupe wake alikuwa wa sindano ya tatu, ya kumalizia. Mama huyu alichungulia mlangoni, akaona boksi limejaa juu ya meza.

"Zimekwisha? Na zile pale ni za nani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Nikasema, "Zile ni za kesho."

"Za kesho, za watoto wa nani? Wa mjini? Wa ndugu zenu?" Hakupaza sauti. Akajigusa kifuani kwa kidole. "Haya, nesi. Nimeiweka humu."

Mtu wa nje angeona ni maneno tu ya mama aliyechoka. Kwetu Unyakyusa hasira ya kuwekwa moyoni si jambo dogo. Wazee waliamini kinyongo kisichosemwa kinaweza kumrudia hata asiye na kosa, mtoto akaugua. Dawa yake ilikuwa kukaa chini, kila mmoja atoe la moyoni, kisha mwenye hasira apige funda la maji ayapulize chini. Yakishapulizwa, yamekwisha. Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa vipimo, lakini nilimtazama akipanda kilima na mtoto mgongoni, nikasikia uzito.

Jioni Mzee aliomba daftari la chanjo. Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Zote zimetupwa. Ziliganda. Kosa ni langu." Akatia sahihi, akafuta peni kwenye sweta. Kwa hiyo wakubwa wa wilaya waliambiwa ukweli. Kina mama ndio hawakuambiwa.

Mzigo mwingine ulifika baada ya siku nane, nikaulinda kama yai. Wote waliorudishwa walikuja, isipokuwa mmoja. Niliweka kichupa chake kwenye kasha la baridi, nikapanda. Safari ya kwanza nilipokelewa na mbwa. Safari ya pili nilimkuta bibi yake Bupe, akanipa ndizi za kuchoma na kunitazama kwa huruma, akasema mkwewe yuko shamba la mbali. Viatu vya mkwewe vilikuwa mlangoni. Safari ya tatu nilimvizia shambani. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba, hakuacha kukata.

"Nimekuja na ya Bupe," nilisema.

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa paja lake, uso ameugeuzia upande wa mlima. "Mchanje. Mimi siongei na wewe."

Nikamchanja pale chini ya migomba, nikajaza kadi kwenye goti langu. Nilitaka kumweleza. Lakini Mzee alikuwa bado kazini, na nilikuwa nimeahidi. Halafu Mzee akastaafu, nami nikahamishwa, halafu kukawa na shughuli. Visingizio vya mtu mzima havikosi foleni.

Miaka yangu mingine mnaijua, mingi mmeiona wenyewe. Nilizunguka wilaya hii kwa miguu, kwa pikipiki, kwa gari lisilopenda milima, nikiwa naitwa Mama Friji. Wapo walioona jina hilo ni kejeli, mimi nililivaa kama medali. Kila muuguzi mpya nilimkalisha mezani nikamwonyesha chenga, awe wa Lufingo au wa Nkunga. Wengine walipiga miayo. Hakuna aliyesahau.

Na kila mahali niliulizwa swali lenu. Kuna watu wanaojipanga kila wanaposikia kuna kampeni, wameshachanjwa mara tano, wanadhani inaisha kama vocha ya simu. Niliwajibu hivi. Mtu mzima amalize sindano zake tatu kwa ratiba. Akiwa na afya njema na mwili wake ukapokea, kinga hiyo imefuatiliwa miongo kadhaa na bado inasimama, na wataalamu wengi wanaona huenda ni ya maisha. Hahitaji kurudia kila mwaka. Aliyekwisha kuambukizwa hasaidiwi na chanjo, huyo anahitaji kliniki, ndiyo maana tunapima. Na sisi tunaoshika sindano tupimwe mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza, tujue mwili umepokea. Hilo ndilo jibu la dakika moja.

Nilikuwa nimelisema mara elfu, bila hata siku moja kulihitaji liwe kweli. Mwaka wangu wa mwisho kazini, binti mrefu mwenye sare ya mwanafunzi wa uuguzi alipiga hodi kwangu, amefura macho.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Friji?"

"Marahaba. Ndiye. Umeniletea utambi?"

Hakucheka. Akaniwekea mezani kadi ya kliniki iliyochakaa, imefungwa kwa nailoni. Niliona mwandiko wangu kabla ya kuona jina. Sindano ya tatu ilikuwa na wino uliotawanyika kidogo, kwa sababu niliijaza kwenye goti.

Bupe alikuwa amejichoma na sindano ya mgonjwa mwenye homa ya ini B. Alifanya yote tunayofundisha, aliosha kwa maji na sabuni, akatoa taarifa saa ileile. Wakampima damu. Virusi havikuwapo, lakini kinga yenyewe ilikuwa chini ya kipimo, karibu na hakuna. "Wenzangu wanasema imekwisha," alisema. "Wengine wanasema huenda hata sikuchanjwa, kadi zilikuwa zinajazwa tu. Mama, hii yangu ilikuwa nzima?"

Najua niliziheshimu sindano nyingi maishani, lakini ile ndiyo pekee niliyoweza kuiapia. "Ya tatu nilikupa mimi mwenyewe, na nilikuwa nimeilinda kama yai tangu ilipofika. Ilikuwa nzima."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Kile wanachopima kwenye damu ni chakula kilichopikwa tayari. Mama anayejua kupika ndizi, leo ukifunua sufuria zake utakuta tupu. Je, amesahau kupika? Mletee mkungu uone. Kinga ya utotoni inaweza kushuka mpaka kipimo kisiione, na bado mwili una ujuzi. Virusi hivi vinajivuta mwilini kwa wiki nyingi kabla havijaleta ugonjwa, mwili wenye ujuzi unawahi kuwasha moto.

"Na kama ujuzi haupo?"

Sikumdanganya. Nilikwisha kumdanganya mama yake, inatosha. "Ndiyo maana unamsikiliza daktari wako, siyo mimi na masufuria yangu."

Daktari kijana wa hospitali alifanya sawasawa. Alimpa sindano moja ya chanjo siku hiyohiyo, akasema arudi kupimwa kinga baada ya wiki nne, na virusi baada ya miezi sita. Kama mwili ulifundishwa utotoni, alisema, hiyo moja itauamsha. Wiki zile nne sikulala vizuri. Nilikiona kile kichupa ndotoni, chenga zinashuka. Je, ile safari ya tatu, kichupa hakikugusa barafu ndani ya kasha? Nilikuwa nimekifunga kichupa kwenye gazeti, nakumbuka gazeti. Lakini mtu akishaanza kujihoji, hata gazeti linakuwa na mashaka.

Bupe alinipigia simu saa tano asubuhi, yuko maabara. Alisoma namba, akairudia. Ilikuwa imeruka kutoka karibu na sifuri hadi mamia. Mwili unaokutana na kitu mara ya kwanza haupandishi kinga hivyo kwa sindano moja. Ulikuwa umekumbuka. Miaka ishirini na ushee, na ulikumbuka kitu ulichopewa chini ya migomba ukiwa na meno mawili. Nililia nikiwa nimeshika sufuria, na sioni aibu kusema. Katika kazi yangu nzima sikuwahi kujivuna kama dakika ile. Miezi sita ilipotimia walipima virusi tena, wakakuta hakuna.

Jumapili iliyofuata nilipanda kilima kile mara ya nne. Safari hii niliita bodaboda, magoti yamestaafu pamoja nami. Mama Bupe alikuwa amekaa nje ya jiko, anamenya ndizi. Ana mvi sasa. Bupe alileta kigoda, akasimama kando.

"Mama Bupe," nilisema, "nimekuja kusema la siku ile. Chanjo hazikuwa zimekwisha. Hazikuwa za watoto wa mjini. Ziliganda kwenye friji letu, zilikuwa zimekufa. Ningemchanja Bupe zile, ungepanda kilima umefurahi na kadi imejaa, na leo asingekuwa na kinga. Nilikurudisha kwa sababu hiyo. Lakini nilikudanganya, kumfichia mzee wangu aibu. Hilo ni kosa langu."

Alimenya ndizi nyingine mpaka mwisho.

"Miaka yote niliiweka," alisema. "Bupe alipojichoma, niliogopa. Nikasema ni ile yangu, imemrudia mwanangu. Nilitaka kuja kwako, nikaona haya." Akamtazama binti yake. "Kumbe mwili wake ulikumbuka jema, na mimi mama yake nilikumbuka baya tu."

"Ulikumbuka ulichoambiwa," nilisema.

Akamtuma Bupe kikombe cha maji ya mtungi. Bupe, muuguzi wa karne hii, aliyaleta kwa mikono miwili bila neno. Mama yake akapiga funda, akainama, akayapuliza chini kati yetu. Mengine yaliangukia miguu yangu.

"Ndaga," alisema. Asante. "Yamekwisha."

Kisha akanipa kikombe, nami nikapuliza ya kwangu. Maji yalikuwa ya baridi. Baridi ya kiasi.